Maandishi ya pembeni ya filamu: yanasema nini picha zikiharibika

Inua juu ya mwanga mkanda wa filamu ya kamera wa milimita 35 uliokwisha kusafishwa. Kandokando ya vitundu utaona namba za picha na jina la filamu, kama ILFORD HP5 PLUS. Hayo hayakuchapwa kwa wino. Yalimulikwa kiwandani, yakajificha ndani ya filamu mpaka dawa ya kuibua picha ilipoyatoa pamoja na picha zako. Kamera haina mkono wake hapo, ndiyo maana fundi mzoefu huyatazama kabla hajatazama picha.

Tuseme negativu, yaani picha za kwenye mkanda ambazo weusi na weupe umegeuzwa, zimetoka nyepesi. Maandishi yakiwa meusi yaliyokoza, dawa haina kosa. Kamera ilipata mwanga kidogo. Yakiwa yamefifia nayo, shida ni ya kwenye tangi, chombo cha kusafishia filamu: dawa imechoka, imezimuliwa mno au muda haukutosha. Huku pwani kosa huwa kinyume, negativu nzito kupita kiasi, maana muda wa kwenye karatasi ya maelekezo ya dawa ni wa nyuzi 20 na maji ya bomba hupita 25 bila shida. Dawa inayotaka dakika 10 kwa nyuzi 20 hutosheka na kama 7 kwa nyuzi 24.

Mkanda mtupu lakini maandishi yapo? Mara nyingi filamu haikusogea ndani ya kamera, ulimi wake, ncha ya mwanzo ya filamu, ulichomoka. Na kama hata maandishi hayapo, ama dawa imekufa ama fiksa, dawa ya kukaza picha, ilitangulia, na picha hazirudi tena. Yamenikuta: chupa mbili za aina moja, zote hazina lebo. Siku hizi nakata kipande cha ulimi wa filamu, nakichovya kwenye dawa taa ikiwaka. Kisipoanza kuwa cheusi ndani ya dakika mbili, dawa hiyo haiingii kwenye tangi langu.

Weusi wa ukungu nao, ukifika mpaka kwenye vitundu, mwanga ulipenya mlango wa kamera, tangi au chumba cha giza. Ukikomea ndani ya fremu, shuku lenzi.

Kuna madoa ambayo maandishi hayasaidii. Viduara vyeupe kwenye negativu ni mapovu ya hewa. Tangi halikugongwa baada ya kumimina dawa. Alama ya mwezi mwandamo ni filamu iliyokunjika ikivishwa kwenye spuli, kigurudumu cha ndani ya tangi. Utandu kama maziwa maana yake fiksa haijamaliza kazi: rudisha mkanda, hata kama taa umeshawasha.