Krioli ni nini? Tuangalie Kiarabu cha Juba

Watu wasioelewana wakilazimika kufanya kazi pamoja, huzuka pijini: maneno machache ya sokoni na kazini, ambayo kwa yeyote si lugha ya mama. Watoto wakikua nayo hupanuka, ikatosha kwa mapenzi, matusi na mahubiri. Hapo huitwa krioli.

Mfano ulio jirani nasi ni Kiarabu cha Juba, Sudan Kusini. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum, pamoja na jeshi la Misri, walijenga huko kambi zenye maboma, zariba. Humo walichanganyika askari, watumwa na wapagazi wa makabila mengi. Amri zilitolewa kwa Kiarabu. Wao wakakijenga upya.

Kitenzi cha Kiarabu hubadilika kufuata mtendaji, jinsia na wakati. Cha Juba hubaki vilevile, na wakati huonyeshwa na kipashio, yaani kineno kifupi kinachotangulia, au kwa kukosekana kwake: *ana rua*, nilikwenda, *ana gi rua*, ninakwenda, *ana bi rua*, nitakwenda. Anayesema Kiswahili hashangai, kwani -na- na -ta- zetu hufanya kazi hiyohiyo. Kutendwa nako huonyeshwa kwa kuhamisha mkazo tu: *kátulu* ni kuua, *katulú* ni kuuawa. Wapo wanaokiita Kiarabu kibovu. Wakosee mkazo huo mbele ya watu wa Juba, waone watakavyochekwa.

Sudan Kusini ina lugha zaidi ya 60, na mjini Juba Mdinka, Mbari na Mzande hukutana katika hii moja. Hata hivyo, katiba ya 2011 iliteua Kiingereza kuwa lugha rasmi, ikazitambua lugha zote za asili kuwa za taifa, na Kiarabu cha Juba haikukitaja. Kutokuwa na kabila kunakifaa sana sokoni, kuliko bungeni.

Ndugu yake, Kinubi, kilikuja kwetu na askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, ambao Lugard, ofisa Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891. Hadi leo husikika Kibera, Kenya, na Bombo, Uganda. Kiswahili nacho wengine hukiita krioli kwa sababu ya maneno yake ya Kiarabu. Wanakosea: ngeli zake na mnyambuliko wa vitenzi vyake ni vya Kibantu, vilivyorithiwa kizazi hadi kizazi bila kukatika.