Je, wajua kwa nini mti usioguswa na shoka hufa baada ya nyumba kujengwa kando yake?

Anayenunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Bunju, Tuangoma au Chanika, mara nyingi hukuta mwembe au mkorosho ulioachwa na mwenye shamba wa zamani, na wengi huamua, kwa nia njema kabisa, kutoukata. Nyumba hujengwa, ukuta huzungushwa, na mti hubaki uani ukiwa mzima. Kisha, mwaka wa pili au wa tatu baada ya wenyewe kuhamia, matawi ya juu huanza kukauka kuanzia ncha, majani mapya hutoka madogo kuliko ya zamani, na wakati mwingine mti huzaa embe kupita kawaida yake, jambo linalomfurahisha mwenye nyumba asijue kwamba huenda huo ndio uzao wa kuagia. Katika kipindi hicho hicho jirani wa upande wa chini huanza kulalamika kwamba maji ya mvua, ambayo hayakuwahi kumfikia, sasa yanaingia hadi barazani kwake. Mambo haya mawili huchukuliwa kuwa kesi mbili, moja ya bwana shamba na nyingine ya serikali ya mtaa, ilhali chanzo chake ni kimoja, nacho ni yale yaliyotendewa udongo wakati wa ujenzi.

Tuanze na mizizi. Ni kweli kwamba mwembe una mzizi mkuu unaoshuka chini sana, lakini mizizi midogo inayofyonza maji na chakula, ambayo ndiyo inayoulisha mti siku hadi siku, hukaa karibu yote katika mita moja ya juu ya ardhi na kusambaa mbali kupita ncha za matawi. Hukaa huko juu kwa sababu nayo inapumua. Udongo ambao haujakanyagwa una nafasi ndogondogo nyingi kati ya chembe zake. Baadhi hushika maji na baadhi hupitisha hewa. Tipa lililojaa kokoto likipita juu yake, zile nafasi kubwa zinazopitisha hewa ndizo hubanwa kwanza, na zilizosalia hujaa maji mvua inyeshapo. Ikumbukwe kwamba oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, kwa hiyo mzizi uliomo katika udongo wa namna hiyo hukosa pumzi hata kama maji yameuzunguka pande zote.

Kuna kichekesho kichungu katika jambo hili, kwamba kinachouponza mwembe ni kivuli chake. Mafundi, kama binadamu mwingine yeyote, hukimbia jua. Ndiyo maana saruji huchanganyiwa chini ya mwembe, mifuko hupangwa hapo, tipa humwaga mchanga hapo, mama lishe hutandika jiko lake hapo, na jioni toroli na koleo huoshewa hapo hapo, maji ya kijivu yakitiririka kuelekea shinani. Maji hayo yana ukali wa chokaa ambao hubadili hali ya udongo kiasi kwamba mti hushindwa kufyonza baadhi ya madini unayoyahitaji. Kwa miezi sita au minane, sehemu moja ya kiwanja iliyostahili kuachwa kabisa huwa ndiyo inayokanyagwa kuliko zote.

Mbona basi mti haufi papo hapo? Mti mkubwa huweka akiba ya wanga katika shina, matawi na mizizi minene, na akiba hiyo huuwezesha kuchipua majani kwa misimu kadhaa hata baada ya kupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake. Masika huuficha ugonjwa, kwa kuwa maji yapo tele na mizizi michache iliyobaki hutosheleza. Kiangazi ndicho hufichua. Kufikia hapo fundi amekwishalipwa na kuondoka, na lawama huangukia mchwa, ambao kwa kawaida hufika baadaye kula mti uliokwisha kudhoofika.

Lakini katika miji yetu ya pwani, naona muuaji mkubwa zaidi ni kifusi. Mtu akiogopa mafuriko hupandisha kiwanja chake: huleta tipa kumi au ishirini za kifusi, hukisambaza, hukishindilia, kisha hujenga juu yake. Jirani akiona maji yanamgeukia, naye hupandisha. Barabara ya mtaa, isiyo na wa kuipandisha, hugeuka mfereji, na mwenye nyumba ya mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye aliyejenga zamani kuliko wote, hubaki katika bwawa. Mashindano haya hayana mshindi, na mti hauna hata nafasi ya kushiriki. Sentimita 30 za kifusi kilichoshindiliwa zinatosha kuiziba hewa mizizi ya miti mingi, na shina lililofukiwa huanza kuoza gome pale linapokutana na udongo wenye unyevu. Wapo wanaojenga kiduara cha mawe kuzunguka shina wakidhani wameunusuru mti. Kiduara hicho husaidia gome tu. Mizizi iliyo mita tano kutoka hapo imekwisha kuzikwa.

Sasa tuyafuate maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, ambapo paa na ua uliotandikwa matofali vinachukua mita za mraba 450. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu kunyesha alasiri moja ya Aprili, humwaga juu ya eneo hilo lita 18,000, sawa na ndoo kubwa 900 za lita 20. Kiwanja hicho kilipokuwa shamba la mikorosho katika udongo wa kichanga, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama pale pale iliponyesha: mengine yalinaswa na majani, mengine yalipunguzwa mwendo na majani makavu yaliyotapakaa chini, na mengine yalifuata njia zilizochimbwa na mizizi. Viwanja 20 vya mteremko mmoja vikishajengwa hivyo, lita 360,000 hushuka kwa pamoja, tena kwa muda mfupi, kuelekea kwenye kalavati lililojengwa kwa ajili ya shamba.

Mlolongo huu ukikusanywa katika bonde zima hufika mbali. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na kukata katikati ya Dar es Salaam hadi baharini karibu na daraja la Salenda. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na baadhi ya waliokosa makazi walipewa viwanja Mabwepande. Ujenzi ndani ya bonde lenyewe ulichangia, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hata hivyo, maji yanayojaa Jangwani, eneo lililomo ndani ya bonde hilo la Msimbazi, hayakunyesha Jangwani pekee; mengi hutoka kwenye mapaa na nyua za watu wanaoishi juu mlimani, ambao hawajawahi kuloa miguu.

Kinga huanza kwa futi kamba. Kanuni ya Uingereza inayofuatwa na wajenzi huko, BS 5837, huchukua kipenyo cha shina kikipimwa mita 1.5 kutoka chini, hukizidisha mara 12, na jawabu huwa ndio umbali wa chini wa kulindwa kila upande wa mti, usiozidi mita 15. Kwa kuwa fundi hupima mzingo kwa urahisi zaidi kuliko kipenyo, anaweza kuzidisha mzingo kwa 4 na hatakosea kwa upande mbaya: mwembe wenye mzingo wa sentimita 190 utahitaji duara linalofika mita 7.6 kutoka shinani. Ni eneo kubwa, na katika kiwanja kidogo halitapatikana lote, lakini hapo angalau mwenye nyumba anajua anachokitoa. Linalozungushiwa uzio ni duara hilo lote. Kuvisha shina mbao au matairi huzuia michubuko tu.

Mtaro wa maji, bomba la choo na msingi wa ukuta navyo hustahili kuchorwa nje ya duara, kwa sababu mfereji ulionyooka unaopita mita moja kutoka shinani unaweza kukata karibu nusu ya mizizi kwa siku moja, na mti uliokatwa hivyo huweza kuanguka upepo ukivuma. Panapokosekana njia nyingine, huchimbwa kwa mkono, na bomba hupenyezwa chini ya mizizi minene bila kuikata. Kwa ukuta, nguzo zinazobeba boriti juu ya ardhi huacha mizizi ipite katikati. Mnazi ni habari nyingine, kwani huendelea kutoa mizizi mipya kutoka kitako cha shina na huvumilia zaidi. Ila jeraha la shina lake halifungiki kamwe.

Maji ya paa yakusanywe kwa gata hadi kwenye tangi, na yanayofurika yaelekezwe kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi na nje ya duara la mti. Kabla ya kulipia shimo hilo, chimba kitundu cha kina cha mkono, kijaze maji mara mbili, uone yanachukua muda gani kuzama. Kwenye kichanga hutoweka upesi; kwenye mfinyanzi mweusi wa bondeni yanaweza kulala hapo hadi kesho yake, na maeneo ambayo maji ya ardhini hupanda wakati wa masika shimo hujaa kutoka chini, likawa hasara tupu.

Wakati, mwisho, ndio huwaponyoka wengi. Udongo hubanwa zaidi na mapito machache ya mwanzo kuliko na yote yanayofuata, hivyo uzio uliowekwa mafundi wakiwa wamefika kwenye lenta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, huwa unalinda udongo uliokwisha kufa. Uzio unapaswa kuwa umesimama asubuhi ile tipa la kwanza la mchanga linapokata kona kuingia kiwanjani, na mtu awepo wa kumwonyesha dereva pengine pa kumwaga.