Kiduha cha kunde hakisubiri bomba lako

“Mtaalamu, nipe dawa ya yale maua ya njano kwenye kunde.” Msimu huu nimechoka kuhesabu wanaoniuliza hivyo. Anayeuliza kaja na bomba la kupulizia mgongoni kabisa, na kunde zake zimeshatoa maganda.

Sikiliza. Hayo maua ni ya alektra, gugu nyonyaji mnaloliita kiduha cha kunde, nayo huanza kazi hujaiona. Mbegu yake ni vumbi tupu, hulala ardhini miaka mingi mpaka mzizi wa kunde upite karibu. Hapo huota na kung’ang’ania. Fukua shina moja taratibu uone: vimizizi vya rangi ya chungwa kali vimenasa kwenye mzizi wa kunde. Vimenyonya muda mrefu huko chini. Siku unayoona njano, mavuno yameshapungua, na hakuna dawa inayorudisha kilichonyonywa.

Na dawa yenyewe ipi? Tu-fo-di (2,4-D), dawa ya magugu ya kwenye mahindi, huua mimea ya majani mapana. Kunde je, ni nyasi? Glaifosati, dawa nyingine ya magugu, haichagui, huua karibu kila mmea. Kijana mmoja kanionyesha kwenye simu kwamba Misri wanapulizia glaifosati kwenye maharage yao ya ful. Kweli, ila gugu la kule ni orobanke, nyonyaji mwingine, na ful huvumilia kipimo kidogo mno. Wewe unapima kwa kizibo cha chupa! Kapulizie kunde zako, uje kunililia.

Ng’oa kwa mkono kabla haijatoa maua, choma. Mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu 600,000. Na wakati wa kuvuna chuma maganda. Ukiling’oa shina zima ukalipigia uani, vumbi la alektra linaingia kwenye mbegu yako ya mwakani, kisha unamlaumu jirani.

Ati ni kiduha kilekile cha mahindi? Hapana. Kile kina maua ya zambarau au mekundu, na hiki hakigusi mahindi wala mtama. Ndiyo maana nakusukuma upande mtama. Lakini ukihamia njugu mawe au karanga ukadhani umebadilisha zao, umehamishia alektra meza tu.

Ati udongo umechoka, mbolea itamaliza? Mbolea haiui alektra.

Ati mbegu sugu ni sugu popote? Kunde za B301, asili yake Botswana, zilisifiwa sana kwa kuikataa alektra, na bado kuna sehemu zimeshambuliwa. Kwa hiyo ukiuziwa “mbegu sugu”, uliza imejaribiwa kwenye mashamba ya wapi.