Nanga ya mshahara ni nini?

Katika mazungumzo ya malipo, nanga ni tarakimu inayotajwa mwanzo kabisa. Ikishatoka mdomoni, kila kinachofuata hupimwa kwayo: anayeongeza anaongeza kutoka hapo, anayepunguza anapunguza kutoka hapo, na mwafaka hupatikana karibu nayo. Ajabu ni kwamba inavuta hata pale isipokuwa na mantiki yoyote.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio lao la gurudumu la bahati nasibu. Lilikuwa limechezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Baada ya kulizungusha, waliwauliza watu: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Makisio ya kati ya walioangukiwa na 10 yalikuwa asilimia 25. Ya walioangukiwa na 65, asilimia 45. Wote walikuwa wameona gurudumu likizungushwa mbele yao, na bado liliwavuta.

Kwenye usaili, gurudumu huja kwa sura ya swali la upole, mara nyingi mwishoni, ukiwa umeshalegeza mabega: “Kwa sasa unalipwa kiasi gani?” Linasikika kama la kujaza fomu tu. Ukijibu 2,000 kwa mwezi (sarafu yoyote ile), umetia nanga, tena kwa faida ya mwenzako. Huenda nafasi hiyo imetengewa 3,200, lakini sasa 2,400 itaonekana nyongeza nono, hata machoni pako mwenyewe. Hivyo ndivyo aliyeanza na malipo duni anavyoyaburuta toka ofisi moja hadi nyingine.

Baadhi ya watunga sheria wameliona hilo. Katika majimbo ya Marekani ya California na Massachusetts, tangu mwaka 2018 mwajiri haruhusiwi kumuuliza mwombaji mshahara wake wa nyuma kabla ya kumpa ofa. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2023, ulipitisha sheria inayokataza swali hilo na kumtaka mwajiri aeleze mapema mshahara wa kuanzia au viwango vyake.

Pasipo sheria ya kukulinda, usidanganye. Hati ya malipo inaweza kuombwa wakati wowote. Rudisha mazungumzo kwenye kazi yenyewe: “Majukumu ya hapa ni tofauti na ninayoyafanya sasa. Nafasi hii mmeitengea kiasi gani?” Wengi wakiulizwa hivyo hujibu.

Je, utangulie kutaja? Ushauri wa kwamba mwombaji asitaje kwanza kamwe naona umepitiliza. Kama umeulizia kwa watu wa fani yako na unajua viwango, tangulia. Kama hujui, nyamaza, maana aliye gizani hujitilia nanga ya chini bila hata kusukumwa.

Ukitaja, taja pamoja na sababu. “Kwa kusimamia timu ya watu saba na bajeti yake, natarajia 3,300.” Kisha funga mdomo. Hapa ndipo wengi hujiharibia: kimya cha sekunde chache kinawatisha, wanakijaza na “lakini tunaweza kuongea” au “sijui kama ni nyingi”, na nanga inang’oka kabla upande wa pili haujasema neno. Hakuna aliyekupinga, umejipinga mwenyewe. Wengine hutoa viwango viwili, 2,800 hadi 3,300, wakidhani wanaonyesha uungwana. Mwajiri anaishika 2,800. Ukilazimika kutoa viwili, cha chini kiwe kile ambacho ungekipokea kwa furaha.

Na kama wamekuwahi kwa ofa ndogo? Watafiti Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walionyesha mwaka 2001 kwamba faida ya anayetangulia huyeyuka pale mwenzake anapoelekeza mawazo kwenye lengo lake mwenyewe. Kwa hiyo tarakimu yako iandike kabla hujaondoka nyumbani. Ukifika, usikae kuijadili ofa yao wala kuirudia ukisema 2,200 haitoshi, kwani kila unapoitaja unaizamisha zaidi. Shukuru, taja yako na sababu zake, na marupurupu yasubiri hadi mshahara wenyewe uwe umekubaliwa.