Matawi ya pembe si hesabu ya miaka

Dume la kulungu likiwa na pembe za matawi kumi, utasikia watu wakisema lina miaka kumi. Si kweli. (Nawasema kulungu wa Ulaya, Asia na Amerika. Kulungu wa vichaka vya Afrika ni jamaa wa tandala; pembe zake hazina matawi na hazidondoki.)

Pembe hizo ni mfupa tu. Huchomoza juu ya vishina viwili kwenye fuvu, zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye vinyweleo na mishipa ya damu. Ukizigusa wakati huo, zina joto. Zikikomaa, ngozi hukauka, na dume huzisugua kwenye miti mpaka ibanduke. Baada ya msimu wa kupandana zinadondoka, kisha kazi inaanza upya. Sasa kitu kinachoota upya kila mwaka kitatunzaje hesabu ya miaka? Matawi hutegemea chakula, afya na urithi, na dume mzee sana mara nyingi huota pembe duni kuliko za ujanani.

Umri husomwa mdomoni, kama kwa mbwa. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Akifika miezi saba hivi, huwa na 42 ya kudumu. Kulungu wengi hawana meno ya mbele ya juu, ni ufizi mgumu tu; wataalamu huangalia magego ya chini yamelika kiasi gani.

Na pembe iliyodondoka usimpe mbwa aitafune bila kufikiri: ugumu wake unaweza kulipasua gego.