"Ng'ombe walishaliwa" na mengine tunayoambiwa tukitaka kuondoka

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kuna dada muuza dagaa ambaye mwanamume aliyekuwa akiishi naye alikuwa akimfuata mpaka kwenye meza yake na kumwambia mbele ya wateja kwamba ananuka. Hakuwahi kumpiga hata kofi. Kwa hiyo kila aliyemweleza shida yake alimjibu: "Mbona huyo afadhali? Vumilia."

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, kwamba pasipo kipigo hakuna kosa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haioni hivyo. Mahakama inapopima kama ndoa imevunjika, ukatili wa kiakili umetajwa sambamba na ule wa mwili. Na hata usingetajwa popote, kudhalilishwa hadharani kunaumiza. Huhitaji kovu la kuonyesha.

Wazee nao watakuambia ng'ombe wa mahari walishaliwa. Usukumani neno hili ni zito, maana mara nyingi mifugo ile imeshamwolea kaka mke. Lakini kifungu cha 140 cha sheria hiyohiyo kinakataza kufungua shauri la kumlazimisha mke aishi na mume, au mume aishi na mke. Habari ya ng'ombe wataizungumza wanaukoo. Wewe si rehani.

"Hamkufunga ndoa, utatoka mikono mitupu." Si lazima. Mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria huwachukulia kuwa mmeoana mpaka ithibitike vinginevyo, na mahakama inaweza kugawa mlichochuma. Kupika, kufua na kulea ni mchango pia: Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu.

Inayoniuma zaidi ni hii: "Nikipata nguvu nitaondoka." Ukiingoja nguvu huku unatukanwa kila siku haiji, kwa sababu matusi yenyewe ndiyo yanayoila. Yule dada hakuwa nayo. Alianza kwa kumwambia shoga yake wa meza ya jirani ukweli wote, bila kumsitiri mtu. Kisha akawa anaweka elfu mbili mbili kwenye kikoba ambacho mwenzake hakijui. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto akavifunga ndani ya kitenge, akavipeleka kwa shangazi yake Igoma. Siku hakuitaja kwa mtu mwingine, na alifanya vema: kuondoka ndiko kunakowapandisha wengine hasira, hata wale ambao hawajawahi kuinua mkono. Kama umeshatishiwa, tafadhali usiende peke yako. Pitia kwanza Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au Kivulini, shirika la hapahapa Mwanza linalotetea haki za wanawake.

Aliniambia siku ile miguu ilimtetemeka mpaka alipopanda daladala. Nguvu aliiona wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja kwa shangazi, alipogundua kwamba amelala usiku kucha bila kusikilizia mlango.