Je, wajua machozi yanauaje bakteria?

Jicho liko wazi kutwa nzima. Linaingiwa na vumbi, moshi wa jikoni na vidole visivyonawiwa, tena lina joto na majimaji ambayo bakteria huyapenda. Hata hivyo, siku nyingi haliugui. Kupepesa kunaondoa uchafu, sawa, lakini machozi yenyewe yana kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kinachoua bakteria. Kinaitwa lisozaimu, na kimo pia kwenye mate, kamasi, maziwa ya mama na ute wa yai la kuku.

Aliyekigundua ni Alexander Fleming, yule yule aliyegundua penisilini, dawa ya kuua bakteria, miaka 7 baadaye. Mwaka 1921, katika hospitali ya St Mary's jijini London, alishikwa na mafua, akachukua kamasi yake mwenyewe na kuitia kwenye sahani ya kuoteshea bakteria. Bakteria wa rangi ya manjano waliokuwa karibu na kamasi wakayeyuka. Akajaribu na machozi: tone moja kwenye maji yaliyojaa bakteria hao mpaka kuwa kama maziwa, na baada ya muda mfupi maji yakawa maangavu. Kuanzia hapo akawa anawakamulia wenzake wa maabara limau machoni ili apate machozi zaidi. Sidhani kama walimpenda siku hizo.

Inakuwaje bakteria ayeyuke? Ndani ya bakteria mna chumvi, sukari na protini nyingi kuliko kwenye maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji huingia ndani mwake bila kukoma. Kinachomzuia asipasuke ni ukuta wake, uliofumwa kwa minyororo ya sukari za aina mbili zinazopokezana. Lisozaimu ina ufa ubavuni. Kipande cha mnyororo chenye sukari 6 huingia humo, nacho kimeng'enya hukata kiungo kati ya sukari ya 4 na ya 5, kisha huachia na kushika kipande kingine. Hayo yalibainika mwaka 1965, pale David Phillips na wenzake jijini London walipotumia eksirei kuchora umbo la lisozaimu ya yai, kimeng'enya cha kwanza kuchorwa kwa njia hiyo. Ukuta ukishakatwakatwa, bakteria anabaki kama tyubu ya baiskeli iliyovuliwa tairi huku mtu akiendelea kupiga pampu.

Ila tusishangilie mno. Wale bakteria wa manjano hawakuwa na madhara kwa mtu, na Fleming aliona mapema kwamba wengi wanaoleta maradhi hawaguswi sana na lisozaimu. Ukifikiri vizuri, ingekuwaje vinginevyo? Anayeyeyushwa na machozi hapati nafasi ya kuuguza jicho. Wanaotusumbua ni wale wenye njia ya kukwepa. Staphylococcus aureus, anayeleta majipu, hubadilisha kidogo sukari za ukuta wake, lisozaimu ikashindwa kuzikata. Bakteria wa kisonono ana utando wa nje unaoufunika ukuta, kwa hiyo kimeng'enya hakiufikii kirahisi. Kwa bakteria wenye utando wa namna hiyo, machozi yana msaidizi: laktoferini, protini inayoweza kuulegeza utando na pia kuwanyima bakteria madini ya chuma wanayoyahitaji ili waongezeke. Mate nayo yana kimeng'enya cha aina nyingine, peroksidezi, kinachotengeneza kemikali ya kudumaza bakteria wa kinywani.

Maziwa ya mama yana lisozaimu nyingi sana kuliko ya ng'ombe, na wapo wanaoyakamulia kwenye jicho la mtoto mchanga linalotoa usaha. Kimeng'enya kimo kweli, lakini usaha huo unaweza kuwa wa kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, na kisonono cha macho kinaweza kumpofusha mtoto upesi. Jicho hilo linahitaji dawa ya hospitali, na mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.